Tamasha la Vitabu la Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka pande mbili: kwa wazazi na walezi wanaotaka kujua kama kuna faida ya kuja, na kwa watu wanaotaka kuandaa tamasha katika jumuiya yao lakini hawajui pa kuanzia. Tumeyachanganya makusudi, kwa kuwa mzazi wa mwaka huu mara nyingi ndiye mwandaaji wa mwaka ujao.

Tamasha la vitabu la familia ni kitu gani? Lina tofauti gani na maonyesho makubwa ya vitabu?

Maonyesho makubwa ni soko la wenye kazi yao. Yale ya Frankfurt, Ujerumani, yalifufuliwa mwaka 1949, na yale ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, yalianza mwaka 1964. Huko wachapishaji na mawakala hukutana kuuziana haki za kutafsiri na kuchapisha. Mtoto, ambaye vitabu vyote vile vimeandikwa kwa ajili yake, si mgeni wanayemngoja.

Tamasha la familia humngoja yeye. Kuna meza za vitabu vya kuuzwa, vya kubadilishana na vya kugawiwa. Kuna usimulizi, uchoraji, maigizo na mashairi. Na kuna mahali pa kukaa chini na kusoma. Hapo pa kukaa ndipo panaposahaulika zaidi. Utaona uwanja umejaa vibanda na jukwaa refu, lakini mtoto aliyepata kitabu hana hata mkeka wa kukifungulia.

Kipimo tunachokitumia katika kila jibu hapa chini ni hiki: je, mtoto amechagua kitabu mwenyewe, na ameanza kukisoma kabla hajaondoka? Muziki, maputo na michezo vikisaidia hilo, karibu. Vikilizuia, vipunguzwe.

Mtoto wangu bado mchanga. Nimlete?

Mlete. Mtoto wa miezi michache husikiliza sauti, hufuata picha kwa macho na hutafuna pembe ya kitabu. Hakuna ubaya, ndiyo maana vitabu vya umri huo hutengenezwa kwa kadibodi ngumu au kitambaa. Mpango wa Bookstart ulianza Birmingham, Uingereza, mwaka 1992 kwa kuzipa vitabu familia zenye watoto wachanga. Ule wa Reach Out and Read, ulioanza Boston, Marekani, mwaka 1989, huwapitishia madaktari wa watoto vitabu ili mzazi akabidhiwe kimoja anapoleta mtoto kliniki. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa msimamo kwamba wazazi wahimizwe kuwasomea watoto kwa sauti tangu wanapozaliwa.

Ila usitegemee akae kwenye hadithi mpaka mwisho. Dakika tano zikipita salama, mshukuru Mungu mwende zenu.

Mwanangu hapendi kusoma kabisa. Kuna maana gani kumpeleka kwenye vitabu?

Kwanza tuulize: hapendi kusoma, au hapendi anachopewa asome? Watoto wengi wamekutana na kitabu cha darasani peke yake, chenye maswali mwishoni mwa kila sura. Hawajawahi kusimama mbele ya meza yenye vitabu vya papa, mpira wa miguu, mizimu, mashine, utani na mapishi, wakaambiwa: chukua unachotaka.

Kwa hiyo mwache achague, na hapa wazazi wengi huteleza. Mtoto ananyoosha mkono kuchukua kitabu chembamba chenye picha, mzazi anaurudisha: "Hicho cha watoto wadogo, chukua hiki kinene." Pale pale hamu imezimwa. Akichukua kilicho rahisi mno atakimaliza na kutaka kingine. Akichukua kigumu mno, kuna njia ya kumsaidia agundue mwenyewe: afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kingoje kidogo, au msomeane pamoja. Hii si sheria. Mtoto aliyekipenda kitabu hupenya kwenye maneno magumu ambayo mwalimu angeapa kuwa hayawezi.

Akitaka kitabu kile kile alicho nacho nyumbani, mwache pia. Kurudia kitabu humzoesha maneno, na humpa raha ya kujua kinachokuja.

Vitabu vya katuni vinahesabika?

Ndiyo. Msomaji wa katuni anafuata maneno, picha, sura za watu na mpangilio wa visanduku kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi, hata kama anacheka.

Mimi mzazi sijui kusoma vizuri. Nitaaibika mbele ya mwanangu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na wanaoliuliza ni wengi, ingawa kila mmoja hudhani yuko peke yake. Tamasha lililopangwa vizuri halimweki mtu mzima kwenye mtihani. Hakuna atakayekukabidhi kipaza sauti usome.

Tafuta vitabu vya picha visivyo na maneno. Vipo, na vingine ni kazi nzuri sana za sanaa. Hapo wewe na mtoto mko sawa: mnatazama, mnabuni, mnabishana kama yule mbwa amepotea au ametoroka. Hata kitabu chenye maneno unaweza kukisimulia kwa picha zake. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti juu ya wazazi waliofundishwa kutosoma moja kwa moja, bali kusimama, kuuliza "huyu anafanya nini?", kupokea jibu la mtoto na kulirefusha. Watoto wao walisonga mbele katika kuzungumza kuliko wale waliosomewa kwa namna ya kawaida. Kuuliza na kusikiliza hakuhitaji cheti.

Na kama mwanao ameshajua kusoma kukuzidi, mwambie akusomee. Umpe sikio lako lote, umuulize kilichofuata. Mtoto hapati msikilizaji kama huyo shuleni, kwa kuwa mwalimu ana darasa zima.

Kwa waandaaji: wekeni meza ya taarifa za madarasa ya kisomo cha watu wazima, lakini isiandikwe bango kubwa la kumtangaza kila anayeisogelea. Iwe pembeni mwa meza ya vitabu vya watoto, na anayehudumu pale awe mtu mpole.

Lugha gani itumike?

Zile ambazo familia huzungumza nyumbani, zote mnazoweza kuzipata. Mtoto hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoielewa, na akishajua namna ya kusoma hupeleka ujuzi huo kwenye lugha nyingine. Shida ni kwamba vitabu vya lugha ndogo havipatikani madukani. Hapa mtandao umesaidia kweli: African Storybook na StoryWeaver hutoa hadithi za watoto zenye picha, katika lugha nyingi, kwa leseni huria zinazokuruhusu kuchapa na hata kutafsiri. Kikundi cha vijana wanaojua lugha mbili kinaweza kutafsiri hadithi fupi wiki kadhaa kabla, wakaipitisha kwa mzee anayeijua lugha vizuri, wakaichapa, na siku ya tamasha wakaisoma wenyewe. Ni vigumu kufikiria kazi ya vijana yenye heshima kuliko hiyo.

Kwa nini sanaa? Si tuzungumzie vitabu tu?

Kwa sababu mtoto aliyetengeneza kitabu, hata cha karatasi moja, anavitazama vingine kwa jicho jipya. Anaanza kuuliza kwa nini jina la mchoraji limewekwa hapa, kwa nini hadithi imekatwa ukurasa huu na si ule. Ukimwambia kwamba vitabu vingi vya picha vina kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16, atakwenda kuzihesabu. Jaribu uone.

Kazi ambayo haijawahi kutuangusha ni kijitabu cha kurasa 8 kwa karatasi moja ya A4, bila gundi wala pini. Kunja karatasi katikati mara tatu, upate vyumba 8, kisha ifungue yote. Ikunje tena mara moja, ncha mbili fupi zikutane. Sasa kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, hadi ufike kwenye mstari wa kwanza unaoukatiza, usipite hapo. Ifungue, ikunje kwa urefu, kisha shika ncha mbili na uzisukume zielekeane. Mpasuo utatanuka, na kurasa zitajipanga zenyewe: jalada la mbele, jalada la nyuma na kurasa 6 za hadithi. Mtoto mdogo asaidiwe kukata, kukunja ataweza. Wape penseli kabla ya kalamu za rangi, la sivyo watapaka jalada vizuri sana na hadithi haitaandikwa.

Zaidi ya hapo, chagueni sanaa zinazorudi kwenye hadithi. Vikaragosi vya mkono vinavyoigiza kitabu kilichosomwa asubuhi. Vitendawili. Ushairi wa jukwaani. Kamishibai, usimulizi wa Kijapani ambamo msimulizi huchomoa picha moja moja kutoka kwenye fremu ya mbao huku akisimulia, unaweza kuigwa kwa boksi la kadibodi na michoro ya watoto wenyewe. Kuchora nyuso kwa rangi tunakuachia uamue. Watoto hulipenda jambo hilo, lakini foleni yake humeza saa nzima ambayo mtoto angekuwa mezani penye vitabu.

Hadithi isomwe vipi ili watoto watulie?

Chagueni msomaji, msichague cheo. Mgeni rasmi aliyeona kitabu kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani atasoma kama anasoma taarifa ya mkutano, na watoto watatawanyika. Fanani mzuri amekisoma kitabu nyumbani mara kadhaa, anajua pa kunong'ona na pa kunyamaza, na anaita "Paukwa!" akiwa amewaachia watoto nafasi ya kuitikia.

Kundi liwe dogo kiasi kwamba aliye nyuma anaona picha. Likizidi, gawanyeni makundi mawili kuliko kuongeza spika. Kwa walio chini ya miaka sita, dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Na wekeni eneo la hadithi mbali na jukwaa la muziki; tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kila mwenye ramani ya uwanja huona ni vyema viwe jirani.

Vijana wa miaka 13 na kuendelea hawaji. Tufanyeje?

Msiwaite kwenye "eneo la watoto." Kijana hatavuka chini ya maputo ya waridi kwenda kuketi kwenye kiti cha chekechea.

Wapeni kazi na mamlaka halisi. Wao wachague sehemu ya vitabu vitakavyonunuliwa, na wakichagua riwaya za kutisha au za mapenzi, msizifiche chini ya meza (mtu mzima anayejua vitabu azipitie kabla, bila kugeuka kuwa polisi). Waendeshe jukwaa la wazi la ushairi na rapu. Wamhoji mwandishi mgeni badala ya mtangazaji. Waandike kadi fupi za maoni, sentensi mbili tatu, zichomekwe ndani ya kitabu mezani: "Nilikasirika na mwisho wake, lakini soma." Kadi kama hiyo huuza kitabu kuliko bango lolote, na aliyeiandika amefanya uhakiki bila kulazimishwa kuandika insha.

Wengine wapige picha za video, wachanganye sauti, wabuni mabango. Jina la kila mmoja liandikwe kwenye ratiba iliyochapwa.

Tamasha lifanyike lini?

Kuna siku tatu za kimataifa ambazo waandaaji hupenda kuzishika. Tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen mwaka 1805, ni Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, inayoadhimishwa tangu 1967 chini ya IBBY, chombo cha kimataifa cha vitabu vya vijana. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Huhusishwa na vifo vya Shakespeare na Cervantes mwaka 1616. Tarehe inayotajwa ni ile ile ingawa siku haikuwa moja, maana Uingereza na Hispania zilitumia kalenda tofauti. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1966 na kuadhimishwa tangu mwaka uliofuata.

Siku hizi husaidia kupata wafadhili na nafasi redioni. Lakini zikigongana na mitihani au msimu ambao familia ziko mbali, ziacheni. Tazameni kwanza kalenda ya shule, kisha sikukuu za dini zote zilizopo, kisha mechi kubwa. Asubuhi hadi alasiri mapema huwafaa wenye watoto wadogo. Jioni iachiwe vijana.

Hatuna fedha. Vitabu vitatoka wapi?

Njia ni kadhaa, na zote zinaweza kutumika siku moja.

Zungumzeni na wachapishaji na wauza vitabu walete vitabu kwa makubaliano ya kuuza na kurudisha visivyonunuliwa. Hamtoi fedha mapema. Mnahitaji orodha iliyosainiwa pande zote mbili, yenye jina la kitabu, idadi na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu yenye tarakimu 13 (vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10). Hesabuni wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, mbele ya mwenye mali. Ugomvi mwingi wa baada ya tamasha huanzia kwenye boksi lililopokelewa kwa haraka na mtu asiyejulikana.

Maktaba inaweza kuleta vitabu vya kusomwa pale pale na kuandikisha wanachama. Hili tunalipa uzito: mtoto anayerudi nyumbani na kadi ya maktaba amepata rafu nzima.

Halafu kuna michango ya vitabu vilivyotumika. Karibisheni, ila mseme wazi mnachotaka. Mkitangaza "leteni vitabu," mtapokea vitabu vya kodi vilivyopitwa na wakati, ensaiklopidia zenye nchi ambazo hazipo tena, na nusu ya riwaya. Watu huona aibu kutupa kitabu, kwa hiyo humpa mwingine amtupie. Tangazeni: vitabu vya watoto na vijana, visivyochanika, ambavyo wewe mwenyewe ungempa mtoto unayempenda. Kisha wekeni watu wawili wa kuchambua, wenye ruhusa ya kusema hapana. Meza ya vitabu 60 vizuri hushinda meza ya 600 vyenye vumbi, kwa sababu mtoto akishika vibovu vitatu mfululizo huondoka.

Kubadilishana vitabu kunaendeshwaje?

Lete kimoja, chukua kimoja. Anayeleta hupewa kuponi na huchukua kitabu chochote chenye hali nzuri, bila kupima unene. Kabla ya milango kufunguliwa, wekeni akiba yenu mezani, maana wa kwanza kufika hawezi kubadilishana na meza tupu. Na tengeni kuponi za watoto waliokuja mikono mitupu, zitolewe kimyakimya na zifanane kabisa na zile nyingine.

Je, kila mtoto aondoke na kitabu cha bure?

Mkiweza, ndiyo. Lakini msifunge vitabu kwenye mfuko pamoja na peremende na kumkabidhi mtoto mlangoni. Mpeni kuponi achague. Vitabu vile vile, gharama ile ile, na tofauti ni kubwa. Andikeni nafasi ya jina ndani ya jalada: "Kitabu hiki ni cha ______." Kwa watoto wengi hicho huwa ndicho kitu cha kwanza chenye jina lao lililoandikwa kwa mkono wao.

Tunaruhusiwa kupiga fotokopi kitabu na kukigawa?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa mwenye haki ameruhusu, au kazi imetoka kwenye hakimiliki, au ina leseni huria kama zile za Creative Commons. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za uandishi, kwa jumla, katika maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Hata kusoma kazi hadharani ni haki ambayo mkataba huo unamtambulia mwandishi, ingawa sheria za nchi nyingi zina misamaha yake. Andikeni barua fupi kwa mchapishaji: tutasoma kitabu hiki, siku hii, bila kiingilio. Wengi hujibu kwa furaha, na baadhi hutuma nakala.

Hadithi alizotunga mtoto nazo ni mali yake. Mkitaka kuzichapa katika kijitabu cha kumbukumbu, ombeni ruhusa yake na ya mzazi.

Tumwalikeje mwandishi au mchoraji?

Mapema, kwa barua inayosema mambo yote: siku, saa, umri wa watoto, atafanya nini, kwa dakika ngapi, atalipwa kiasi gani, nauli na malazi ni ya nani. Sentensi ya "hatuna malipo lakini utapata kujitangaza" iondoeni. Aliyekodisha mahema analipwa. Mwandishi naye anakula.

Watoto wasome kazi yake kabla. Maswali ya watoto waliosoma huwa makali na ya kufurahisha: kwa nini ulimuua bibi? Wasiosoma huuliza una umri gani, basi.

Watoto wenye ulemavu wamefikiriwa?

Swali lenyewe liulizwe mwanzoni, wakati wa kuchagua uwanja. Ngazi tatu mlangoni zinatosha kumfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu. Nafasi kati ya meza iruhusu kiti kugeuka, na vitabu visiwe vyote juu ya meza ndefu.

Kwa wasioona, tafuteni vitabu vya nukta nundu. Mfumo huu Louis Braille aliubuni Ufaransa mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, na seli yake ya nukta sita hutoa miundo 63. Kibao na kalamu yake vikiwepo, kila mtoto, anayeona na asiyeona, anaweza kuandika jina lake kwa nukta. Foleni ya meza hiyo huwa ndefu. Vitabu vya kupapasa na vya kusikiliza viwekwe pamoja na vingine, si kwenye kona yao. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitungwa ili nakala za aina hii ziweze kutengenezwa na kuvuka mipaka bila kukwama kwenye hakimiliki, hivyo ulizeni maktaba au chama cha wasioona kama wana za kukopesha.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na msomaji, mahali penye mwanga, ili mtoto aone mikono na picha bila kugeuza shingo. Na wekeni chumba au hema la utulivu, lisilo na muziki. Litatumiwa na watoto wenye usonji, na wazazi waliochoka, na watoto wanaotaka tu kusoma.

Usalama wa watoto?

Kila mtoto mdogo avae utepe wenye namba ya simu ya mzazi, bila jina lake. Kuwe na meza moja, inayoonekana, ya watoto waliopotea. Anayejitolea asikae peke yake na mtoto mahali palipofichika. Picha za watoto zisipigwe kwa matangazo bila idhini ya mzazi. Utepe wa rangi tofauti hurahisisha mpiga picha kujua nani asimpige.

Tuweke mashindano na zawadi?

Ya kuandika na kuchora, sawa, mradi kazi zote zitundikwe, si za washindi tu. Ya nani amesoma haraka au amesoma vitabu vingi, tungeyaacha. Yule anayesoma polepole tayari anajua kuwa ni wa mwisho. Hahitaji jukwaa la kumthibitishia.

Hotuba?

Moja. Fupi. Baada ya hadithi ya kwanza, si kabla.

Mfadhili anataka nembo yake kila mahali.

Iwe kwenye bango la mlangoni na kwenye ratiba. Isiwe juu ya jalada la kitabu cha mtoto. Andikeni hayo kwenye makubaliano kabla fedha haijapokelewa, kwa sababu baada ya hapo sauti yenu itakuwa imepungua.

Tutajuaje kama tamasha limefaulu?

Idadi ya waliohudhuria ndiyo rahisi kuhesabu na ndiyo inayoeleza kidogo. Hesabuni pia kuponi zilizorudi, vitabu vilivyobadilishana mikono, kadi mpya za maktaba, vijitabu vilivyotengenezwa. Mmoja wenu azunguke kila saa na kuhesabu watoto waliokaa wakisoma. Namba hiyo itakuwa ndogo kuliko mnavyotarajia mara ya kwanza, na itawaonyesha pa kuhamisha mikeka mwaka ujao.

Baada ya mwezi mmoja au miwili, wapigieni simu baadhi ya wazazi walioacha namba kwa hiari. Swali moja linatosha: kile kitabu kiko wapi sasa?

Vitabu vilivyobaki tuvifanye nini?

Vya wauzaji virudishwe siku hiyo hiyo kwa orodha. Vya kwenu gawanyeni kwa darasa, kliniki au kinyozi mwenye benchi la kungojea. Mahali popote mtoto anapokaa bila la kufanya. Mnaweza pia kujenga kabati dogo la nje la chukua-kimoja-acha-kimoja, kama lile ambalo Todd Bol alilisimamisha Hudson, Wisconsin, Marekani, mwaka 2009 na likazaa mtandao wa Little Free Library wenye makabati katika nchi nyingi. Paa lisivuje, na awepo mtu mwenye jukumu la kulitazama kila wiki. Visivyofaa kusomwa na yeyote vipelekwe kwenye karatasi za kurejelezwa, au viwekwe akiba kwa meza ya sanaa: kurasa zake ni nzuri kwa kukata na kubandika.